Joséphine Baker: kazi mpaka siku ya mwisho

Joséphine Baker alizaliwa mwaka 1906 kule Saint Louis, Marekani. Angali mutoto, alifanya kazi ya boyi mu nyumba za Wazungu. Mwaka 1925 akavuka bahari, akacheza mu «Revue nègre» kule Paris. Mji wote ukamujua. Wakati wa vita alibeba siri za Ufaransa mu karatasi zake za muziki. Pesa ilikuja, lakini alilea batoto 12 wasio wa tumbo lake, na madeni yakamuzidi: nyumba yake kubwa ya Milandes ikauzwa. Akarudia kazi. Tarehe 8 Aprili 1975, na miaka 68, aliimba kule Bobino, ukumbi ukajaa. Nyuma ya siku ine, akafariki.