Holger Cahill na Kazi za Mafundi Wasiojulikana

Marehemu Holger Cahill alizaliwa Iceland mwaka 1887, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Sveinn Kristján Bjarnarson. Walihamia Amerika ya Kaskazini yeye angali mdogo. Baba aliitupa familia, na kijana akawa kibarua wa mashamba. Elimu aliiokota njiani, hata akafika New York akawa mwandishi, akajibadili jina.

Siku hizo matajiri wengi wa Marekani waliamini kuwa sanaa ni ile itokayo Ulaya. Cahill hakukubali. Kwake yeye, kazi ya seremala na mhunzi wa kijijini ilistahili kutazamwa sawa na ya mchoraji mkubwa. Mwaka 1932 alizionyesha kazi za namna hiyo katika jumba la Museum of Modern Art, New York.

Wakati huo uchumi ulikuwa umeanguka, na wachoraji walikaa bila kazi. Mwaka 1935 serikali ya Rais Roosevelt ilimweka Cahill aongoze mradi wa kuwaajiri wasanii. Humo ndimo ilimozaliwa Index of American Design, wazo la mabibi wawili, Romana Javitz wa maktaba ya New York na Ruth Reeves, msanii wa vitambaa.

Wachoraji kwa mamia waliandikwa kuchora vitu vya kale kwa rangi za maji: makasha, vyungu, mifarishi ya viraka, watoto wa bandia, hata sanamu za omo za merikebu. Sharti lilikuwa moja: usiongeze, usipunguze. Kutu ionekane kutu, uzi uonekane uzi, na ufa wa ubao usifichwe. Kamera za rangi hazikuwa za kutegemewa, basi mkono wa mtu ndio uliotumainiwa.

Vita viliusimamisha mradi mwaka 1942, picha zikiwa zimepita 18,000. Cahill alitaka zichapishwe ziwafikie mafundi na wanafunzi, lakini nyingi hazikuchapwa. Zilikabidhiwa National Gallery of Art, Washington, ambako zimehifadhiwa hadi leo.

Cahill alifariki mwaka 1960. Wengi waliovitengeneza vitu vile majina yao yamepotea, ila kazi ya mikono yao ipo. Wahenga walinena, mcheza kwao hutuzwa. Mafundi wale walituzwa wamekwisha kufa, na aliyewatuza alikuwa mtoto wa wageni.