Siti binti Saad: kutoka vyungu vya Fumba hadi santuri za Bombay

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia maskini ya wafinyanzi. Alipokuwa binti alibeba vyungu hadi mjini na kuvinadi kwa sauti iliyowasimamisha watu njiani. Hakujua kusoma wala kuandika.

Mwaka 1911 alihamia mjini, akafunzwa muziki na kuimba na kina Subeit bin Ambar na Mbaruk Talsam. Taarabu, iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu katika kasri la Sultani, yeye aliiimba kwa Kiswahili. Watu wa Ng'ambo wakasikia habari zao wenyewe, hata dhuluma za mahakamani. Mwaka 1928 kundi lilivuka bahari hadi Bombay, India, kurekodi santuri. Siti alifariki mwaka 1950.

Shaaban Robert wa Tanga aliandika maisha yake katika Wasifu wa Siti binti Saad. Nakipenda kitabu hiki kwa sababu wakati ule vitabu vya maisha viliwahusu zaidi wafalme na mabwana. Yeye alimchagua muuza vyungu. Santuri huchakaa na kuvunjika. Ukikipata kitabu hiki, wasomee wanao.