Jan van Goyen: Mchoraji wa Ngome na Wavuka Mto

Miongoni mwa wachoraji wa Uholanzi wa karne ya 17, Jan van Goyen ni mmoja wa walioifanya mandhari ya kawaida kuwa kiini cha picha. Alizaliwa Leiden mnamo 1596, mwana wa fundi viatu. Baada ya kupitia mikononi mwa walimu kadhaa, alikwenda Haarlem kwa Esaias van de Velde, aliyemzoeza kuitazama nchi yake jinsi ilivyo. Mwaka 1632 alihamia The Hague.

Van Goyen alisafiri na madaftari akichora mito, mashua na majengo, kisha akapaka rangi nyumbani. Rangi zake zilikuwa chache, hasa kijivu na hudhurungi, hata maji, mbingu na nchi kavu vikaelekea kuwa kitu kimoja. Mara nyingi aliirudia ngome ya Valkhof, iliyosimama juu ya mto Waal mjini Nijmegen, mahali ambapo Charlemagne alikuwa na kasri. Hata hivyo, wanaokaa mbele ya picha hizo si wafalme. Ni wavuvi, na watu wa kawaida waliosongamana kivukoni pamoja na mifugo.

Aidha, Van Goyen alikuwa mtu wa biashara. Alinunua na kuuza nyumba, na mapema 1637 alinunua vitunguu vya maua ya tulipu muda mfupi kabla ya bei kuporomoka. Mkulima wa Kericho au Bomet anayesubiri bonasi baada ya chai yake kunadiwa Mombasa anaelewa vyema jinsi bei inavyoanguka mbali na shamba. Mnamo 1651 wakuu wa The Hague walimlipa gilda 650 kwa picha ya mji wao, lakini madeni hayakuisha. Alifariki 1656 akidaiwa takriban gilda 18,000, na mjane wake akalazimika kuuza samani na picha zilizosalia.

Ngome ya Valkhof ilibomolewa kati ya 1796 na 1797. Wavuka mto wamebaki katika picha. Mashamba makubwa ya chai ya Kericho, yaliyoanzishwa na makampuni ya Uingereza katika miaka ya 1920 kwenye ardhi ya Wakipsigis, huonyeshwa kama zulia la kijani lisilo na watu. Mwandishi wa Kiswahili atakayeisawiri nchi hiyo ana la kujifunza kwa Van Goyen: jumba la meneja likae nyuma, na mchuma chai, kikapu mgongoni, asimame mbele.