Stoneham: Mkusanya vipepeo aliyeiachia Kitale makumbusho

LUTENI Kanali Hugh Frederic Stoneham alifariki dunia mwaka 1966, miaka mitatu baada ya Kenya kupata uhuru. Nyuma yake aliacha makabati ya vipepeo, ndege waliokaushwa, wanyama watambaao, mamalia na vitabu. Aliacha pia wosia uliokabidhi vitu hivyo vyote kwa Serikali ya Kenya, pamoja na fedha za kuvijengea nyumba.

Kutokana na wosia huo, mji wa Kitale una makumbusho hadi leo. Wengi wanaoingia humo, iwe ni wanafunzi wa shule au wageni wanaopitia mjini, hawajui kwamba mwanzo wake haukuwa mpango wa serikali bali mazoea ya mtu mmoja aliyependa kuokota, kukausha na kuandika.

Stoneham alizaliwa mwaka 1889. Kumbukumbu za makumbusho zinaanza kuhesabu ukusanyaji wake mwaka 1894, yaani alipokuwa mtoto wa miaka mitano hivi. Alikua akawa askari wa jeshi la Uingereza, na safari zake zikamfikisha Afrika Mashariki. Akiwa Uganda alichunguza ndege, na mwaka 1928 jarida la Ibis, linalochapishwa na wataalamu wa ndege wa Uingereza, lilitoa maelezo yake kuhusu ndege wa nchi hiyo.

Cheo cha kijeshi kilibaki kwenye jina lake maisha yote, lakini si vita vilivyomfanya akumbukwe. Hakuwa mwanasayansi wa kuajiriwa. Katika enzi hizo jambo hilo halikuwa geni, kwani elimu ya viumbe wa Afrika Mashariki ilibebwa kwa sehemu kubwa na watu waliokuwa na kazi nyingine. V. G. L. van Someren, ambaye jina lake limeenea katika vitabu vya ndege na vipepeo vya eneo hili, alikuwa daktari wa meno mjini Nairobi.

Mwaka 1926 Stoneham alianzisha makumbusho yake mwenyewe huko Kitale. Mji wenyewe ulikuwa mchanga. Ni katika miaka hiyo hiyo ambapo reli kutoka Eldoret ilifika huko, na mashamba ya walowezi yakaanza kupata njia ya kusafirishia mahindi yao. Wakati majirani walikuwa wakihesabu magunia, yeye alikuwa akihesabu mabawa.

Mahali penyewe palimfaa. Kwa upande wa magharibi upo Mlima Elgon wenye kimo cha mita 4,321, na kwa upande wa mashariki ipo milima ya Cherangani. Miteremko ya Elgon inazunguka kutoka Trans Nzoia, inapita Bungoma hadi Lwakhakha, mji wa mpakani ambako mto wa jina hilo hilo unatenganisha Kenya na Uganda. Mtu anayeshuka kutoka kileleni hadi Lwakhakha hupita nyasi za baridi, mianzi, msitu mnene na hatimaye mashamba. Kila ngazi ina vipepeo na ndege wake, na wale wa misitu ya Uganda hukutana hapa na wale wa nyanda za juu za Kenya. Kipepeo hajui mpaka wala hati ya kusafiria.

Kazi ya kukusanya viumbe ni ya subira kuliko watu wanavyodhani. Kipepeo anayenaswa kwa wavu lazima auawe haraka ili asijipukutishe rangi, kisha atobolewe kwa pini katikati ya kifua na kutandazwa mabawa juu ya ubao mpaka akauke. Ndege huchunwa, ngozi hupakwa dawa na kujazwa pamba. Baada ya hapo vita huanza upya kila msimu wa mvua, kwa kuwa ukungu hula mabawa na wadudu wadogo hugeuza kabati zima kuwa vumbi.

Hata hivyo, thamani ya mkusanyiko wote imo katika kikaratasi kidogo kinachokaa chini ya pini. Humo huandikwa mahali, tarehe na jina la aliyemkamata. Kipepeo mzuri asiye na kikaratasi ni pambo tu. Kipepeo aliyechakaa lakini mwenye kikaratasi ni ushahidi kwamba mwaka fulani, katika msitu fulani, aina hiyo iliishi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna penye kuthibitisha msemo huo kuliko kwenye kabati la mkusanya wadudu.

Stoneham hakukomea kwenye kukusanya. Katika miaka ya 1930 alitoa taarifa zilizochapishwa kwa jina la makumbusho yake, na humo alieleza na kuvipa majina vipepeo vya Afrika Mashariki. Hivyo nyumba ya mtu binafsi katika mji mdogo wa mashamba ikawa inasomwa na wataalamu wa mbali.

Si haki kusimulia maisha hayo bila kutaja upande wake wa pili. Trans Nzoia ilikuwa sehemu ya nyanda zilizotengwa kwa ajili ya Wazungu. Jamii za Elgon, ambazo leo zinajulikana kwa jina la Wasabaot, zilipoteza malisho yao katika nyanda hizo, na malalamiko yao yalifika mbele ya Tume ya Ardhi ya Carter katika miaka ya 1932 na 1933. Nafasi ya kutembea na wavu mkononi na kuita eneo hilo nyumbani ilitokana na utawala huo. Aidha, kokote wakoloni walikokusanya viumbe walitegemea macho ya wenyeji waliojua kiota kiko mti gani na nyoka analala wapi, nao ni wachache mno ambao majina yao yaliingia kwenye vikaratasi.

Ni kwa sababu hiyo uamuzi wa mwisho wa Stoneham una uzito. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, walowezi wengi waliuza mashamba na kuondoka, na vitu vya thamani vingeweza kufungwa kwenye masanduku na kupelekwa London. Mkusanyiko huu ulibaki. Aliurithisha kwa taifa changa, na kwa kuwa aliuwekea fedha, serikali haikupokea mzigo mtupu.

Hapo ndipo wakusanyaji wengi hushindwa. Mtu hutumia miaka hamsini kukusanya, akafa bila kuandika lolote, na ndani ya mwaka mmoja warithi wasiojua thamani ya vitu hivyo huvitupa au kuviuza kimoja kimoja.

Desemba 1974, miaka minane baada ya kifo chake, jengo jipya lilifunguliwa mjini Kitale katika uwanja wa hekta tano, likiitwa Makumbusho ya Taifa ya Magharibi mwa Kenya. Siku hizi linajulikana kama Makumbusho ya Kitale, na linahesabiwa kuwa la kwanza miongoni mwa makumbusho ya mikoani upande wa bara. Mwaka huo huo wa 1974, kinamasi cha Saiwa kilicho karibu na mji kilifanywa hifadhi ya taifa ili kumlinda nzohe, swala anayeishi majini.

Makumbusho hayo hayakubaki kuwa kabati la Mwingereza mmoja. Pamoja na ndege na wadudu wake, yaliongezwa vyombo na maboma ya jamii za magharibi mwa Kenya, pamoja na njia ya miguu ndani ya msitu wa asili. Watoto wa wale ambao hawakuandikwa kwenye vikaratasi sasa huingia na kuiona historia yao wenyewe karibu na vipepeo.

Maisha ya Stoneham yanagusa jambo lililo karibu na kila mfanyakazi. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilipandisha umri wa kustaafu wa watumishi wa umma kutoka miaka 55 hadi 60, lakini bado mtu anaweza kuishi miongo miwili au zaidi baada ya siku ya kurudisha funguo za ofisi. Walimu, askari na makarani wa zamani wamo kila kijiji kuanzia Kitale hadi Lwakhakha. Wapo wanaojua majina ya miti ya Elgon kwa Kibukusu na Kisabaot, wanaokumbuka mipaka ya koo, na wanaoweza kuandika kila asubuhi kiasi cha mvua iliyonyesha.

Kazi ya namna hiyo haihitaji cheo wala mshahara. Inahitaji daftari, tarehe, jina la mahali na jina la aliyesimulia. Inahitaji pia shule, maktaba au makumbusho yatakayopokea daftari hilo, na jambo hilo hupangwa mwenyewe akiwa hai. Stoneham alilipanga, na ndiyo maana vipepeo vyake viko Kitale.