JOSEPH BLACK NA JOTO LILILOJIFICHA

Wenzangu wamezoea kutuandikia habari za washairi na wanasiasa. Mimi leo nawaletea mwanasayansi, na sababu yangu inatoka jikoni kwetu.

Nikitoka shuleni jioni, mimi ndiye hupika githeri. Maji yakianza kuchemka, nilikuwa naongeza makaa ili yatokote kwa nguvu, nikidhani ati chakula kitaiva haraka. Debe la makaa la wiki nzima likawa linaisha Alhamisi. Mama alinung'unika sana, na pesa za makaa hazikuwa rahisi kupatikana. Halafu tukaanza somo la joto katika Fizikia, nikakutana na Joseph Black.

Black alizaliwa mwaka wa 1728 mjini Bordeaux, Ufaransa. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo aliyetoka Belfast. Kijana huyu alipelekwa shule Belfast akiwa na miaka 12, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, na baadaye Edinburgh, akasomea udaktari. Mwaka wa 1756 alirudi Glasgow kufundisha.

Zamani hizo watu waliamini kwamba barafu ikishafika kiwango cha kuyeyuka, joto kidogo tu linatosha kuigeuza yote kuwa maji. Black hakukubali. Aliwaza hivi: kama ni kweli, mbona theluji ya milimani haiyeyuki yote kwa siku moja na kuleta mafuriko ya kutisha?

Basi akachukua chupa mbili zinazofanana. Moja ilikuwa na maji baridi karibu ya kuganda, ya pili ilikuwa na barafu. Akazitundika katika chumba kimoja. Baada ya nusu saa, maji yalikuwa yamepanda digrii 7 za Farenhaiti. Ile barafu ilichukua nusu saa 21, yaani saa 10 na nusu, kufika hapo. Joto lilikuwa likiingia muda huo wote, lakini barafu ilipokuwa ikiyeyuka kipimajoto hakikupanda. Lilikuwa limejificha! Ndiyo maana tunaliita joto fiche.

Aligundua kwamba hata maji yanayochemka yana tabia hiyo. Ukiongeza moto, hayazidi kupata joto, yanageuka mvuke tu. Leo tunajua kilo moja ya maji yanayochemka inahitaji karibu jouli 2,260,000 ili yote iwe mvuke. Ndiyo sababu mvuke ukikuunguza, utajuta.

Wakati huo James Watt alikuwa fundi wa vyombo katika chuo hicho. Alishangaa jinsi mvuke kidogo unavyopasha maji mengi moto. Alipomuuliza Black, alielezwa siri hiyo. Black pia alimkopesha pesa. Mwaka wa 1765 Watt alibuni njia ya kupozea mvuke katika chombo cha pembeni, na injini zikaanza kutumia makaa machache zaidi.

Black alikuwa na kasoro moja: alifundisha sana lakini hakuchapisha ugunduzi wake wa joto. Mwaka wa 1772 Johan Wilcke wa Uswidi, aliyeligundua jambo hilo peke yake, alichapisha ya kwake. Black aliaga dunia mwaka wa 1799, na mafunzo yake yakachapishwa mwaka wa 1803 na John Robison, aliyekuwa mwanafunzi wake. Wahenga hawakukosea waliposema mali bila daftari hupotea bila habari.

Siku hizi githeri ikianza kuchemka, nafunika sufuria na kuziba kimlango cha jiko, moto uwe mdogo. Inaiva kwa muda ule ule, na debe la makaa linafika Jumapili. Mama ameacha kunung'unika, ingawa bado haniamini nikimwambia ni kazi ya Mskoti aliyekufa zaidi ya miaka 200 iliyopita.

Wenzangu, hebu jaribuni nyumbani. Na mkigundua jambo, tafadhali liandikeni!