Köhler na Sokwe wa Tenerife

Wolfgang Köhler, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1887, alikwenda kisiwani Tenerife mwaka 1913 kuchunguza akili za sokwe walioletwa kutoka Kameruni. Vita vikamzuia huko hadi 1920.

Ndizi iliwekwa nje ya kizimba. Sultan, sokwe hodari, alijaribu kwa fimbo fupi akashindwa, akaketi. Baadaye, akizichezea fimbo mbili za mwanzi, alichomeka nyembamba ndani ya nene, akakimbia kuivuta ndizi. Wadogo zetu mnaokariri tu, mwaonaje? Köhler akashikilia kwamba mnyama aweza kuelewa, si kubahatisha tu.

Mwaka 1933, Wayahudi walipofukuzwa vyuoni, aliwatetea gazetini. Maprofesa wengi walinyamaza. Mwaka 1935 alihamia Marekani, akafundisha Swarthmore. Alifariki mwaka 1967.