Askofu Maranta: Tumpime kwa uadilifu

Kila nikifika Kivukoni, Ifakara, namkumbuka Edgar Maranta, Mkapuchini kutoka Uswisi. Aliongoza Kanisa Katoliki Dar es Salaam tangu 1930, na bonde la Kilombero lilikuwa chini yake hadi 1964. Alistaafu uaskofu mkuu 1968, akafariki 1975.

Hospitali ya misheni Ifakara ilitibu Waislamu na Wakristo. Hilo tusilifiche. Lakini shule za misheni, zikipewa ruzuku na mkoloni, zilikuwa mtihani kwetu. Wazazi wengi walihofia watoto wao kubatizwa, wakawabakisha nyumbani. Pengo hilo likaonekana maofisini baada ya Uhuru.

Uadilifu hauturuhusu kumchukia wala kumsafisha. Ila nasi tujiulize: tumejenga hospitali na shule ngapi?